Maswali na majibu: Kompyuta zinazolala usingizi wa mang'amung'amu

Maswali ya betri yamezidi mengine yote, kwa hiyo safari hii tunashughulika na betri na usingizi tu. Amri za Windows nitakazotaja zinaandikwa kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Wanaoliogopa lile dirisha jeusi nawaomba walizoee, maana majibu mengi ya kweli yako humo.

Usiku nafunga kifuniko betri ikiwa asilimia 90. Asubuhi naikuta imezimika, au imo ndani ya begi ina joto la kutisha. Betri imekufa?

Yaelekea betri yako ni nzima. Kilichoharibika ni usingizi.

Zamani ukifunga kifuniko, kompyuta iliingia hali iitwayo S3: prosesa inakatiwa umeme, feni inasimama, na kinachoendelea kulishwa ni RAM (kumbukumbu ya muda) peke yake ili kazi zako zisipotee. Hali hiyo imo kwenye ACPI, kanuni za pamoja za kusimamia umeme wa kompyuta, tangu 1996, na ilifanya kazi yake vizuri. Halafu ikaja Windows 8 mwaka 2012, na Windows 10 mwaka 2015, pamoja na mtindo mpya ambao leo unaitwa Modern Standby. Hapa skrini inazima lakini mashine inabaki nusu macho, ipokee barua pepe, ishushe masasisho, na iwake papo hapo kama simu. Kwenye kompyuta nyingi za sasa watengenezaji wameiondoa S3 kabisa, wala hakuna mahali pa kubofya ukairudisha. Nasema wazi kwamba huu ulikuwa uamuzi mbaya kwa mtu anayebeba kompyuta kwenye begi. Mashine inayoweza kuamka ikiwa imebanwa katikati ya vitabu, bila hewa, inajipika yenyewe, na joto ndilo linaloua betri za lithiamu mapema kuliko karibu kitu kingine chochote.

Anza na `powercfg /a`. Ukiona maneno "Standby (S0 Low Power Idle)" kwenye orodha ya hali zinazopatikana, basi mashine yako ni ya Modern Standby. Kisha andika `powercfg /sleepstudy`. Utaambiwa ripoti imehifadhiwa wapi. Mara nyingi ni ndani ya C:\Windows\System32, kwa jina sleepstudy-report.html. Ifungue kwa kivinjari. Kila kipindi cha usingizi kina mstari wake: kilianza saa ngapi, kilidumu muda gani, kilikula betri kiasi gani, na ni asilimia ngapi ya muda huo mashine ilikuwa kweli kwenye umeme mdogo. Namba ya kutazama ni ile yenye herufi HW. Ikiwa juu ya 90, ililala. Ikiwa 0 au 3, ilikesha. Bofya kipindi chenyewe na chini yake utapata majina ya waliokesha nayo: draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi, kadi ya sauti, kifaa cha USB ulichosahau kuchomoa. Mwenye jina hapo ndiye wa kushughulika naye, kwa kusasisha draiva yake kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au kwa kumchomoa.

Piga hesabu uone ukubwa wa jambo. Betri ya wati-saa 50, kompyuta ikila wati 5 huku ikidai imelala, inaisha kwa saa 10, yaani usiku mmoja. Ikila nusu wati, inakaa saa 100.

Wakati unamtafuta mkosaji, tumia haibaneti. Hapo kila kilichomo kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski kisha umeme unakatwa. Washa kwa `powercfg /hibernate on`, halafu:

`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_buttons lidaction 2`
`powercfg /setactive scheme_current`

Kuanzia hapo, ukifunga kifuniko ukiwa nje ya chaja, mashine inaandika, inazima, na haiwezi kupata joto ndani ya begi. Kuamka kutachukua sekunde kadhaa zaidi. Ukitaka usingizi mfupi kwanza ndipo haibaneti ifuate, acha kifuniko kilivyo na uandike `powercfg /change hibernate-timeout-dc 30`, ambapo 30 ni dakika.

Lakini haibaneti si inaua SSD?

Hapana. SSD ni diski isiyo na sehemu inayozunguka, na huchakaa kwa kuandikiwa. Tuseme unaandika GB 6 mara mbili kwa siku. Hiyo ni kama TB 4.4 kwa mwaka. SSD nyingi za GB 500 huuzwa na dhamana ya kuandikiwa TB 150 hadi 300. Gawanya mwenyewe. Kompyuta itazeeka kabla ya diski kulalamika.

Habari mtaalamu. Ni programu gani nzuri ya kutunza betri niiweke?

Hakuna. Ukiweka moja, umeongeza programu nyingine inayofanya kazi muda wote.

Kompyuta yangu inajiwasha yenyewe saa nane usiku, taa inamulika chumba kizima. Ni virusi?

Mara nyingi si virusi. Ni kazi iliyopangwa, masasisho, kipanya au kadi ya mtandao. Asubuhi kabla hujafanya lolote andika `powercfg /lastwake` uone nani aliyeiamsha mara ya mwisho. Kwenye mashine za Modern Standby amri hii inaweza kujibu kwamba hakuna historia. Usikate tamaa, rudi kwenye ripoti ya sleepstudy, nyakati zote ziko pale. Halafu `powercfg /waketimers` itakutajia kengele zilizotegwa, na `powercfg /devicequery wake_armed` itakupa orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Kipanya kisichotumia waya kikiwa juu ya meza inayotikisika kinatosha kabisa kuiamsha kompyuta. Kinyang'anye ruhusa kwa `powercfg /devicedisablewake` ukifuatisha jina lake ndani ya alama za kunukuu, kama lilivyoandikwa kwenye orodha, nukta kwa nukta.

Yangu ni kinyume. Nimeweka ilale baada ya dakika 10, hailali kamwe.

`powercfg /requests`. Kuna mtu ameomba isilale, na jina lake litakuwepo. Ukikuta maneno kwamba mkondo wa sauti unatumika, tafuta kichupo cha kivinjari chenye video uliyoisimamisha ukasahau kuifunga.

Betri inaisha haraka. Nifanyeje?

Swali hili limeletwa na watu wengi, neno kwa neno, bila chochote kingine. Siwezi kulijibu, wala fundi yeyote mwaminifu hawezi. Inaisha haraka ukiwa unafanya nini? Ikiwa wazi au imefungwa? Imeanza lini, baada ya kubadilisha nini? Mfumo endeshi gani? Ripoti inasemaje? Kompyuta yako imeandika kumbukumbu za haya yote bila kulipwa, nawe hujazifungua. Nayasema haya kwa sababu najua kinachofuata: mtu aliyekosa jibu hununua betri mpya, na wiki ya pili tatizo liko palepale, kwa kuwa kosa lilikuwa la draiva.

Ikifika asilimia 35 inazima ghafla. Nikichomeka chaja inaonyesha 35 ileile.

Huyu ameeleza vizuri, na hapa naamini betri imechoka kweli. Andika `powercfg /batteryreport`, fungua ripoti, linganisha mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo iliotoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani inachoweza kubeba leo. Ikiwa ilitoka na mWh 50,000 na leo inabeba 27,000, umebaki na asilimia 54. Chini zaidi kuna historia ya uwezo huo tangu mwanzo, na mteremko unaonekana.

Kuzima ghafla kuna sababu yake. Seli ikizeeka, ukinzani wa ndani unapanda. Kompyuta ikihitaji nguvu nyingi kwa mpigo, volti inaporomoka chini ya kiwango na mashine inakatika, ingawa kwenye hesabu chaji bado ipo. Hakuna mpangilio wa Windows utakaoponya hilo. Badilisha betri, na ununue yenye namba ya modeli ileile kutoka kwa muuzaji anayekubali kuirudisha. Betri bandia zinaweza kubandikwa uwezo zisiokuwa nao, kwa hiyo siku ya kwanza tu toa ripoti hiyohiyo na uitumie kama kipimo chako.

Hujauliza hili lakini nalisema: ukiona pedi ya kugusa imeinuka, kifuniko hakifungi sawasawa, au kasha linaachia pembeni, betri imevimba. Zima. Usiichaji tena hata kwa dakika moja. Usiitoboe ili "itoe hewa" kama wanavyoshauriana watu, kwa sababu lithiamu iliyotobolewa inawaka moto, na moto wake ni mgumu kuzima. Usiitupe kwenye takataka za kawaida. Mpelekee fundi anayejua anachofanya.

Shikamoo. Mimi naacha chaja imechomekwa siku nzima kazini. Mwenzangu anasema niitumie hadi sifuri kila mara. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Mwenzako anashikilia ushauri wa betri za nikeli-kadimiamu. Betri za lithiamu zimekuwa sokoni tangu 1991 na hazihitaji kumalizwa hivyo. Kuzifikisha sifuri kila mara kunazichosha bure. Lakini nawe, kukaa asilimia 100 kwenye joto siku nzima kunazichosha vilevile. Watengenezaji wengi wameweka kikomo cha chaji, ama ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) ama kwenye programu yao. Kiweke 80. Siku ya safari kiondoe.

Nimeizima kabisa, sijailaza, na bado asubuhi chaji imepungua. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu hukuizima kabisa. Tangu Windows 8 kuna kitu kiitwacho Fast Startup: ukibofya Shut down, programu zako zinafungwa lakini kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho kiwake haraka. Fungua Task Manager, sehemu ya prosesa, tazama Up time. Utakuta siku kadhaa kwenye kompyuta unayoapa kwamba uliizima jana. Draiva iliyopotoka jana inaamka leo na upotofu wake. Kuizima kweli, andika `shutdown /s /t 0`, au shikilia Shift unapobofya Shut down. Restart nayo inaanza upya kweli.

Hiyo peke yake haipaswi kula chaji nyingi, kwa sababu umeme umekatwa. Ikiwa inapungua sana, ingia kwenye BIOS utafute ile huduma ya kuchaji simu kupitia USB wakati kompyuta imezimwa. Izime.

Na ninyi mnaoweka Windows na Linux kwenye mashine moja, zimeni Fast Startup leo. Inaiacha diski ya Windows ikiwa nusu wazi, na kuiandikia kutoka Linux katika hali hiyo ni njia ya kupoteza mafaili.

Natumia Linux. Nikifunga kifuniko inapoteza karibu nusu ya betri usiku kucha. Windows ya awali haikuwa hivyo.

Andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Jibu litakuwa kama `[s2idle] deep`, na mabano yanaonyesha kinachotumika. `s2idle` ndio ule usingizi wa mang'amung'amu. `Deep` ni S3. Kama `deep` ipo, hifadhi kazi zako zote, kisha ijaribu kwa muda:

`echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`

Laza kompyuta, iamshe. Ikiamka vizuri mara kadhaa, skrini ikarudi, Wi-Fi ikarudi, basi ifanye ya kudumu kwa kuongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye maneno ya kuwashia kerneli, yaani kiini cha Linux. Ikigoma kuamka, usiilazimishe. BIOS yake haikujaribiwa kwa hali hiyo. Kama `deep` haimo kabisa, angalia BIOS kwanza: baadhi ya ThinkPad zina chaguo la Sleep State lenye Windows na Linux, na kuchagua Linux kunarudisha S3.

Uhakikishe pia kwamba inalala. `journalctl -k | grep "PM: suspend"` inatoa saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ukikuta kuingia na kutoka kwa kufuatana sekunde chache tu, kuna kifaa kinaiamsha papo hapo, nawe ulidhani imelala.

Haibaneti kwenye Linux inahitaji swapu ya kweli, yaani eneo la diski la kuhamishia vya RAM, yenye nafasi ya kutosha kubeba kilichomo humo; zram haifai, kwa kuwa yenyewe imo ndani ya RAM. Kwenye distro (matoleo ya Linux) nyingi, Secure Boot, yaani ulinzi wa uwashaji ulio ndani ya BIOS, ikiwa imewashwa, kerneli inaikataa haibaneti. Na usiweke TLP pamoja na power-profiles-daemon, programu mbili za kusimamia umeme. Chagua moja, kwa sababu zote mbili zinashika mipangilio ileile na kila moja inafuta ya mwenzake.

Fundi amesema nipige Windows upya ndipo betri itadumu.

Muulize ni mstari gani wa ripoti uliomfikisha hapo. Kama hajafungua ripoti yoyote, chukua kompyuta yako. Windows ikipigwa upya, draiva ileile inayokesha inaweza kurudi na masasisho ya kwanza.