Siku mbili Regensburg: lala huko huko, na siku ya pili upande boti ya Weltenburg

Mleta uzi, umesema unakwenda Munich kikazi mwezi wa tisa, utabaki na siku mbili za kwako, na mwenyeji wako amekushauri uende Regensburg. Unauliza kama kuna cha maana kwa mtu asiyependa kushinda makumbusho. Nimeishi mji huo miaka minne nikisomea uuguzi, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Nenda. Na usiende ukarudi siku hiyo hiyo kama wafanyavyo wengi, lala huko. Makundi ya watalii hushushwa na meli za mtoni asubuhi, ikifika jioni yameondoka, na mji unabaki kwa wenyewe.

Treni ya kawaida ya mkoa kutoka Munich ni kama saa moja na nusu. Kama mpo wawili au zaidi ulizia Bayern-Ticket, tiketi moja ya siku nzima inayobeba hadi watu watano kwenye treni za mkoa. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Ukipanda mapema zaidi unahesabika huna tiketi, na wakaguzi hawasikilizi maelezo.

Ukishuka stesheni, tembea moja kwa moja hadi mtoni. Vingine utavikuta baadaye, anza na Daraja la Mawe, Steinerne Brücke. Lilijengwa kati ya 1135 na 1146, na kwa karne nyingi mji huu haukuwa na daraja jingine la kuvukia Danube. Sasa magari hayaruhusiwi, ni watu na baiskeli tu. Wenyeji watakuhadithia kwamba fundi wa daraja aliwekeana dau na fundi wa kanisa kuu nani atamaliza kwanza. Alipoona anazidiwa akapatana na shetani, malipo yakiwa roho tatu za kwanza zitakazovuka. Daraja lilipoisha, akapitisha jogoo, kuku na mbwa. Shetani akapandwa na hasira akataka kulibomoa, ndiyo maana lina nundu katikati. Hadithi tamu, ila kanisa kuu lenyewe lilianza kujengwa zaidi ya miaka mia moja baada ya daraja kuisha.

Simama katikati, egemea ukingo, utazame chini upande ambao maji yanaelekea. Nguzo zimezungushiwa vijisiwa vya mawe vya kuzikinga, kwa hiyo mto unabanwa kwenye matao, ukitokea upande wa pili unajisokota kama uji unaokorogwa kwa mwiko. Nikitoka zamu ya usiku nilikuwa nasimama pale dakika kumi kabla ya kwenda kulala. Sijapata mahali pengine Ujerumani pa kunituliza kama pale.

Mguuni mwa daraja, upande wa mji, kuna ghala kubwa la chumvi la karne ya 17, na pembeni yake kibanda kidogo cha soseji, Wurstkuchl. Soseji zake nyembamba kama kidole huchomwa kwa mkaa na kuliwa na kabichi iliyochachushwa na haradali tamu. Ni za nguruwe, ndugu zetu Waislamu wapite tu. Hata usipokula, angalia alama kwenye kuta zinazoonyesha mafuriko yalifika wapi na mwaka gani. Utaelewa watu wa mto huu wanaishi na nini.

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro huhitaji kuelekezwa, minara yake ya mita 105 inaonekana kutoka kila upande. Ingia saa za mchana jua likiwa kali, kwa ajili ya vioo vya rangi, vingi vikiwa vya karne ya 13 na ya 14. Kisha tafuta sanamu ya malaika Gabrieli anayecheka. Anacheka kweli, meno nje, akimpasha habari Bikira Maria aliye kwenye nguzo ya pili. Kama uko huko Jumapili, nenda misa ya saa nne asubuhi usikilize kwaya ya Domspatzen, ambayo mwanzo wake ni shule ya mwaka 975. Lakini shule za Bavaria, jimbo lenye mji huu, huwa likizo hadi karibu katikati ya Septemba, na wakati wa likizo kwaya haiimbi.

Karibu na hapo, ndani ya ukuta wa jengo la baadaye, kuna lango la Warumi, Porta Praetoria. Ngome yao ilikamilika mwaka 179. Mawe hayo yapo barabarani tu, unayagusa bila kulipa chochote.

Sasa Neupfarrplatz, na hapa naomba usipite haraka. Ni uwanja mpana wenye kanisa katikati. Pembeni utakuta kitu cheupe cha zege, kimo cha goti, kama ngazi na viti vilivyopangwa bila mpango. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa nakaa pale kula mkate wangu wa mchana, nikidhani ni benchi. Mama mmoja mzee, mgonjwa wa wodini kwetu, ndiye aliyenieleza. Uwanja ule wote ulikuwa mtaa wa Wayahudi. Mwezi Februari 1519, mara tu baada ya Kaisari Maximilian aliyekuwa akiwalinda kufariki, baraza la mji liliwapa siku chache tu wahame, nyumba zao zikabomolewa, sinagogi likabomolewa, makaburi yao yakavunjwa. Mchoraji Albrecht Altdorfer, ambaye naye alikuwa mjumbe wa baraza hilo, alichora ndani ya sinagogi kabla halijaangushwa. Kile cha zege ni ramani ya sinagogi hilo, kazi ya msanii wa Israeli, Dani Karavan, iliyozinduliwa 2005. Duru unazoziona zinaonyesha nguzo zake zilikosimama.

Baada ya hapo nilianza kuona mengine. Mawe ya makaburi yao yalichukuliwa na kupachikwa kwenye kuta za nyumba kama kombe la ushindi, na mengine yapo hadi leo, na maandishi yake ya Kiebrania, juu ya kichwa cha mpita njia. Chini ya uwanja kuna mabaki ya nyumba zao, unashuka na mwongozaji kwa saa maalumu. Na mwaka 2019, miaka 500 baada ya kufukuzwa, jumuiya ya Wayahudi ilizindua sinagogi jipya hatua chache kutoka pale. Pita ulione.

Ukumbi wa Rathaus ya zamani, yaani jengo la baraza la mji, ambako bunge la Dola Takatifu la Roma lilikaa tangu 1663 hadi 1806, ni mzuri kama unapenda historia ya siasa. Kwa siku mbili mimi ningeuruka.

Siku ya pili nenda Weltenburg, abasia (makao ya watawa) iliyo kando ya Danube. Unapanda treni hadi Saal, kisha basi hadi Kelheim, halafu boti inapandisha mto kama dakika arobaini kupitia korongo ambalo Danube imejichimbia kwenye chokaa. Majabali yanasogeleana pande zote mbili, boti inapunguza kelele, kisha kona moja tu, na abasia iko mbele yako kwenye kichanga cha mto. Mimi ni mtoto wa Songea, nimekulia jirani na abasia ya Peramiho, ambayo Wabenediktini wake wa kwanza walifika 1898 wakitokea St. Ottilien, Bavaria hii hii. Kuwakuta Wabenediktini na kengele yao mbali vile na nyumbani kulinishika moyo.

Ndani ya kanisa kuna giza, isipokuwa madhabahuni, ambako Mtakatifu Georgi juu ya farasi anaonekana kutokea kwenye mwanga. Ndugu wawili Asam walioyabuni hayo, karne ya 18, walificha dirisha nyuma yake. Nje wanauza bia inayopikwa hapo hapo, na historia ya kiwanda hicho wanaihesabu tangu 1050.

Kabla ya kutoka hotelini, hakikisha boti zinatembea. Maji yakijaa sana au yakipungua sana husimamishwa. Mara ya kwanza nilifika Kelheim na mama yangu aliyekuja kunitembelea, tukakuta kamba imefungwa gatini. Tulipanda mlimani hadi Befreiungshalle, jumba la duara la Mfalme Ludwig wa Kwanza, tukatazama mto kutoka juu, lakini mama aliondoka Ujerumani bila kuiona Weltenburg, na hadi leo inaniuma.

Walhalla, jumba la kuwaenzi watu maarufu linalofanana na hekalu la Wagiriki, ni ya mfalme huyo huyo, ilifunguliwa 1842. Ina ngazi 358 na sanamu za vichwa vya watu maarufu, akiwemo Sophie Scholl, mwanafunzi aliyeuawa na Wanazi kwa kuwapinga, aliyeongezwa 2003. Picha zake ni nzuri na boti huondokea karibu na daraja, ila ifanye ya tatu, muda ukibaki.

Tuandikie tarehe zako hapa. Kama Jumapili imo, nunua maji na chakula Jumamosi jioni, maana maduka yatafungwa, na Weltenburg ni bora uende siku ya kazi kwa sababu mwisho wa wiki foleni ya boti ni ndefu.