Uchumi wa mwaka wa kwanza: nunua penseli kabla ya kitabu

Kila chuo kinapofungua, wadogo zangu wanaovuka kutoka Pemba kuja kusoma Unguja huniuliza swali lilelile: kitabu gani ninunue kwa ajili ya uchumi wa mwaka wa kwanza? Nawajibu wanunue penseli, rula na kifutio. Kitabu watakikuta maktaba. Wanadhani natania.

Sitanii. Somo hili, hasa ile nusu inayohusu bei na soko, linasomwa kwa mkono. Anayelisoma kama historia, amejilaza kitandani na desa, yaani notsi za somo, kifuani, anaelewa kila ukurasa, halafu kwenye tesiti kalamu inagoma. Ukimaliza aya, funga desa, chora ulichosoma, kisha fungua ulinganishe. Bei inakaa kwenye mhimili wa wima, kiasi kwenye wa ulalo. Waliotoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu kidato cha tano na sita) hukasirika hapo, maana hesabu zimewazoesha kuweka chanzo chini na matokeo kwenye wima. Hoja wanayo, lakini mtindo huu ulienea kutoka kwa Alfred Marshall, Mwingereza wa karne ya 19, na wachumi hawajauacha mpaka leo. Zoea tu, ugomvi huo hauna alama.

Wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) nao wana lao. Wamekuja na maana za maneno walizokariri skuli, basi wiki za mwanzo wanajiona wameshafika na diskasheni hawaji. Wanakuja baada ya tesiti ya kwanza. Aliyekuwa hajawahi kusoma uchumi mara nyingi huwapita, kwa sababu yeye anachora kila kitu kwa woga.

Panapoangusha wengi ni hapa. Swali linasema bei ya samaki imepanda, eleza kinachotokea. Mwanafunzi anaandika: bei ikipanda mahitaji yanapungua, mahitaji yakipungua bei inashuka, bei ikishuka mahitaji yanaongezeka, yakiongezeka bei inapanda. Karatasi inakwisha naye yuko palepale alipoanzia. Ukiisoma sentensi mojamoja, kila moja inasikika sawa, na ndiyo maana kosa hili ni gumu kuliona. Dawa yake ni kutenganisha kuhama kwa mstari na kutembea juu ya mstari. Mstari wa mahitaji unaonyesha watu wangenunua kiasi gani kwa kila bei, na wa ugavi wauzaji wangeleta kiasi gani. Bei ya kitu haiuhamishi mstari wa mahitaji ya kitu hichohicho, inamtembeza mnunuzi juu yake tu. Mstari huhamishwa na jambo la nje: kipato, msimu, bei ya kitu mbadala, wingi wa wanunuzi, au watu kutarajia kwamba kesho kitu kitaadimika.

Nenda diko lolote, pale samaki wanaposhushwa na kunadiwa, upepo wa kusi ukiwa mkali. Ngalawa nyingi zimepandishwa mchangani, waliothubutu kutoka wamerudi na kidogo. Mnadi ana mitungo michache ya changu, wachuuzi wamemzunguka, na bei anayoanzia ni ile ambayo wakati wa kaskazi angeimalizia. Mtazame mchuuzi wa baiskeli. Anapandisha mara moja, mara ya pili anatazama pembeni, ya tatu anajitoa, maana anajua wateja wake wa shamba hawatoi pesa hiyo. Anayebaki ni yule anayepeleka hotelini. Bei imekwenda juu, samaki waliouzwa ni wachache. Hapo mstari wa ugavi umehamia kushoto. Wa mahitaji haukutikisika. Wanunuzi wamepanda juu yake, na mchuuzi wa baiskeli ni mmoja wa walioachwa njiani.

Sasa nenda soko la Darajani, mjini Unguja, wiki ya mwanzo ya Ramadhani, utazame ndizi, muhogo na majimbi. Bei imepanda, lakini mizigo inayoshushwa ni mingi kuliko ya mwezi uliopita, na jioni hakuna kilichobaki. Bei juu, kiasi juu. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayefurahi kwamba ameivunja sheria ya mahitaji, ile inayosema bei ikipanda watu hununua kidogo. Hakuivunja. Mwezi umeingia, kila nyumba inataka futari, kwa hiyo mstari wa mahitaji umehamia kulia, na wauzaji ndio waliotembea juu ya mstari wao wa ugavi kwa kuleta zaidi. Kwa hiyo usiitazame bei peke yake. Ikiwa umehama mstari mmoja tu, bei na kiasi vikienda upande mmoja, tafuta kilichotokea kwa wanunuzi. Vikipishana, tafuta kilichotokea kwa wauzaji. Kwa maoni yangu, atakayelishika hili na kusahau mengine yote ya muhula huo bado atapata maksi za kuvukia.

Na tafadhali, usiandike kwamba bei imepanda kwa sababu wafanyabiashara wana tamaa. Inawezekana wanayo, na mimi ninao ninaowashuku kwa majina, lakini tamaa hiyo walikuwa nayo Shaabani pia. Kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya kilichobadilika.

Kwenye mnyumbuko wa mahitaji, yaani asilimia ya badiliko la kiasi ikigawanywa kwa asilimia ya badiliko la bei, shida si dhana, ni asilimia. Tuseme bei imetoka 500 kwenda 600, na kiasi kinachonunuliwa kimeshuka kutoka 40 hadi 30. Ukigawa kwa namba za mwanzo, kiasi kimeshuka asilimia 25, bei imepanda asilimia 20, jibu 1.25. Geuza safari, anza na 600 urudi 500: kiasi kimepanda asilimia 33.3, bei imeshuka asilimia 16.7, jibu 2. Soko lilelile, majibu mawili. Ndiyo maana ipo njia ya wastani, inayogawa kwa 35 na 550 na kukupa 1.57 uende au urudi. Muulize mwalimu mapema anataka ipi, kwa sababu wengine wanasahihisha kwa moja tu. Alama ya kutoa mbele ya jibu wengi huiacha, nayo muulize.

Mtoto wa Pemba atataka kuiingiza karafuu kila mahali. Ngoja kwanza. Michoro ya mwanzo inadhani kuna wanunuzi wengi na wauzaji wengi, wakati karafuu ya mkulima ananunua mmoja tu kisheria, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kwa bei inayotangazwa. Hilo ni soko la mnunuzi mmoja na lina mchoro wake, unaokuja mbele ya safari. Lakini kwa mada mbili karafuu inafaa tangu mapema. Ya kwanza ni ugavi usionyumbuka: mkarafuu unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo bei ikipanda leo huwezi kupanda mche leo ukachuma kesho. Ya pili ni magendo. Bei ya ng'ambo, upande wa Kenya, inapoipita ya hapa kwa kiasi kikubwa, wapo wanaohatarisha jahazi usiku. Swali la bei zinazopangwa likija, mfano huo unao nyumbani.

Nusu ya pili, ya uchumi wa nchi nzima, ina michoro michache na mitego ya maneno mingi. Mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 6 hadi 4, bei hazikushuka. Bado zinapanda, ila taratibu. Hoteli ya mgeni iliyopo Nungwi inaingia kwenye pato la ndani la Zanzibar, lakini faida anayoipeleka kwao haihesabiwi katika pato letu la taifa. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa taarifa ya bei kila mwezi. Isome mara moja kwa utulivu, uone mchele na samaki wanavyopewa uzito, na fomula ya faharisi, kile kipimo cha bei kwa jumla, haitakutisha tena.

Kuhusu diskasheni, watu wanne wanatosha, na kila mmoja achore ubaoni huku akieleza kwa Kiswahili kabla hajaandika kwa Kiingereza cha mtihani. Anayekwama kwa Kiswahili hakuelewa, hata kama desa lote liko kichwani. Pasti pepa zifanyeni kwa saa, bila majibu pembeni.

Mkitaka pa kuanzia, chukueni mwani wa akina mama wa Paje na Jambiani. Bahari imepata joto, kottonii, aina ya mwani wenye bei nzuri, inakufa, na wakati huohuo tuseme wanunuzi wa nje wamepunguza oda. Mistari yote miwili imehamia kushoto. Kiasi kitapungua, hilo halina ubishi. Bei je? Choreni mara mbili, mara moja ugavi ukihama zaidi, mara ya pili mahitaji, halafu aje mtu aniambie kwa nini anayejibu "itapanda" na anayejibu "itashuka" wote wanapata sifuri.