Baba anaamka usiku mara tano na ameona damu kwenye mkojo: bingwa wa mkojo au tusubiri?

Mkuu, umesema baba yako ana miaka 61, yuko Tandahimba, usiku anaamka mara tano kukojoa, na Jumapili aliona mkojo una damu ila hakusikia maumivu. Baba mdogo anasema hicho ni kichocho tu, anywe dawa yaishe. Unauliza kama kuna haja ya kumtafuta daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, au ni kumaliza hela ya korosho bure.

Mpelekeni. Na mumpeleke kwa sababu ya hiyo damu kwanza, hata kabla ya habari ya kuamka usiku.

Mimi ni wa Newala, nina 58, na haya mambo niliyachezea miaka mitatu. Shida yetu watu wa Kusini ni kwamba kila kinachotokea sehemu zile kina jina lake tayari. Damu ni kichocho. Korodani ikivimba ni busha. Kuamka usiku ni uzee. Jina likishapatikana, mtu anageuka upande wa pili analala. Utotoni nilikuwa naenda likizo kwa bibi, bondeni Ruvuma, tunashinda kwenye madimbwi. Mvulana akianza kukojoa, matone ya mwisho yakatoka mekundu, wenzake wanamwambia sasa amekua. Yaliponitokea nikiwa na miaka kumi na moja nilitembea kifua mbele.

Kwa hiyo nilipoanza kuamshwa na mkojo, 52 hiyo, sikushtuka. Mara mbili, baadaye mara nne. Choo chetu kiko nje, na Newala mwezi wa sita usiku kuna baridi kweli. Nasimama pale na tochi ya simu nasubiri. Unaanza, unakatika, unaanza tena. Nikishafunga zipu ndipo matone mengine yanafuata. Nikahamia kwenye suruali nyeusi, nikajiona mjanja.

Ikafika msimu wa kupulizia korosho. Vumbi la salfa lilinijaa puani, mafua yakashika, nikanunua vidonge vya mafua dukani na kumeza viwili jioni. Saa saba usiku nikaenda chooni, hata tone. Saa tisa, hata tone. Jirani akashauri ninywe maji mengi ili yasukume, nikanywa, nikawa nimejichimbia kaburi. Kulipokucha tumbo la chini limekaza kama ngoma iliyoanikwa kwenye moto. Safari ya bodaboda hadi hospitali ya wilaya sitaielezea, ila kila tuta nalikumbuka.

Walinipitishia mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, nesi akaumwaga, ukaanza kujaa tena. Nililia mbele ya yule binti bila aibu, kwa raha. Daktari akauliza nimekunywa dawa gani, nikamtaja yale ya mafua, akatikisa kichwa. Baadhi ya dawa za mafua hukaza misuli ya shingo ya kibofu. Mwenye tezi dume iliyokwisha kukua, ile tezi ya wanaume inayozunguka njia ya mkojo chini ya kibofu, anaweza kufungwa kabisa usiku huohuo. Huyo ndiye mimi. Basi kama baba yako ana pakiti hizo kwenye droo, zitoeni leo.

Kwetu mambo ya mwili wa mwanamume unampelekea mjomba. Nikaenda na mfuko wangu chini ya kikoi. Akaniangalia, akasema, "Mpwa wangu, mimi nilikaa na mfuko huo mwezi mzima. Nilidhani unajua." Ukoo mzima una shida ya tezi dume na hakuna aliyetamka.

Bingwa nilimpata kwa barua ya rufaa. Maswali mengi, kidole nyuma cha kupapasa tezi kisichofika dakika, ultrasaundi. Kipimo cha damu cha PSA, kile cha kuangalia dalili za saratani ya tezi dume, alikiahirisha, akasema mkojo ukifunga na mpira ukiingia, namba hupanda hata bila saratani. Tulipopima baadaye ilikuwa salama: tezi imekua, si saratani. Natumia tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, kila siku, mpira ulitolewa, na kama ingeshindikana kuna upasuaji wa kupitia njia ya mkojo bila kuchana tumbo. Dawa ina mambo yake. Ukiinuka kitandani haraka unaona nyota. Na tendo linaweza kuisha pakavu, raha ipo ila hakitoki kitu. Nisingeambiwa mapema ningekimbilia kwa mganga.

Turudi kwenye damu. Baba mdogo hajakosea kwamba kichocho kipo na kinatibika kwa prazikwanteli. Mkimpima, mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka kwa wingi muda huo. Watu wengi hupeleka wa alfajiri. Lakini mtu mzima akikojoa damu bila maumivu, hata siku moja tu ikapotea, kibofu kinatakiwa kuangaliwa kwa kamera. Na kichocho kilichokaa miaka mingi chenyewe kinaweza kuzaa saratani ya kibofu. Kwa hiyo akisema "ni kichocho", hiyo ndiyo sababu ya kwenda.

Kuamka usiku, anzeni na sukari hapohapo kituo cha afya. Mwenye sukari hukojoa mwingi kila safari. Wa tezi hukojoa kidogo kidogo na kuhisi haujaisha. Kijana anayeungua wakati wa kukojoa naye aanzie hapo kituoni, si lazima bingwa. Ila mkojo ukifunga, au homa ikija na maumivu ya ubavu, au korodani ya kijana ikauma ghafla, hapo ni hospitali muda uleule. Korodani iliyojisokota ina kama masaa sita tu kabla haijaharibika. Busha linaweza kusubiri kambi ya upasuaji, lakini uvimbe mgumu ndani ya korodani yenyewe usiuite busha. Wanawake nao wasidhani bingwa huyu ni wa wanaume, mawe ya figo na damu kwenye mkojo haviangalii jinsia.

Chukueni rufaa wilayani, hasa kama ana bima. Kwa Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo. Pigeni simu kwanza muulize siku ya kliniki ya mkojo, usije ukamsafirisha mzee akakuta mlango umefungwa. Siku tatu kabla, aandike saa anazokojoa na kiasi, kopo lenye alama linatosha. Bebeni dawa zake zote, hata za mitishamba. Ultrasaundi wanataka kibofu kijae, kisha akojoe waone kilichobaki, lakini maji anywe akishafika getini, si stendi ya Tandahimba. Ile safari na kibofu chake haviendani.