Gharika ya Nuhu, Babeli na lugha ya kuanzia

Ndugu muulizaji, umeuliza kama kufanana kwa gharika ya Nuhu na masimulizi ya kale ya Wababeli kunaibomoa Biblia, na kama uanze kujifunza Kiebrania au Kigiriki, lugha za asili za Biblia. Mwaka 1872, mjini London, George Smith, mtaalamu wa maandishi ya kale wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, alitangaza kwamba amesoma habari ya gharika kwenye kibao cha udongo kilichotoka Ninawi. Humo Utnapishtim, mtu aliyeokoka gharika kama Nuhu, anatuma njiwa, kisha mbayuwayu, na mwisho kunguru ambaye harudi. Katika Mwanzo 8 kunguru ndiye anayetangulia. Mfanano huo ni wa karibu mno kuitwa bahati tu, lakini tazama pia tofauti: kule miungu iliyokwisha kuleta gharika inajikunyata kwa hofu kama mbwa, ilhali huku Mungu mmoja anahukumu, anamkumbuka Nuhu na kufanya agano. Kwa maoni yangu, maana ya simulizi imo katika tofauti hizo, wala sioni kilichobomoka.

Kuhusu lugha, anza na Kiebrania, kwa kuwa kuna mlango ulio wazi kwako tayari. Neno letu nafsi, tulilolipata kwa Waarabu, ni ndugu wa nefesh ya Kiebrania na napishtu ya Kiakadi (lugha ya kale ya Wababeli), yaani uhai, na ndilo limo ndani ya jina Utnapishtim. Vivyo hivyo tehom, “vilindi” vya Mwanzo 1:2, ina asili moja na jina Tiamat, bahari ya kale ya Wababeli. Kigiriki kifuate baadaye, utakapotaka kuona jinsi Wayahudi wa Aleksandria walivyoitafsiri tehom kuwa abyssos.