Jibu: Roboti mpole kati ya wasaka watu

Mkuu, umeuliza kama roboti mstaarabu, asiyependa vita, ataaminika kwenye hadithi yako akiwatumikia wasaka watu kwa malipo huko angani. Ataaminika kabisa. Mwangalie IG-11, roboti wa tamthilia ya angani The Mandalorian (2019). Alikuwa muuaji, mzee mmoja fundi, Kuiil, akamtengeneza na kumfundisha upya, hata kutembea na kushika vitu. Tunapomwona tena kabeba sinia, anakaribisha wageni chai! Baadaye Din, msaka watu ambaye ndiye shujaa wa tamthilia, anaumia vibaya kichwani, na kiapo chake hakiruhusu kiumbe hai kumwona uso. Roboti anamjibu kwamba yeye si kiumbe hai, anamvua kofia ya chuma inayofunika uso, anamtibu. Tukio hilo nalipenda mno. Kwa hiyo roboti wako mpe kazi za mikono: vidonda, chai, vyombo. Hotuba za amani punguza.