Ukubwa wake usikudanganye

Barua nyingi mwezi huu zinauliza kuhusu watoto wa mbwa waliookolewa, wakapewa familia za kuwalea kwa muda hadi wapate wa kuwachukua moja kwa moja. Tumechagua nne.

SWALI: Shikamooni. Nimepokea mtoto wa mbwa jike aliyeokotwa mtaroni. Ana mifupa mikubwa na vidole kama vya simba. Nimempima, ana kilo 11. Waliomleta wanakisia ana miezi mitatu. Nyumbani kuna mbwa wetu mzee na watoto wawili. Nianzie wapi? Jirani anasisitiza nimtilie unga wa mifupa chakulani asije akapinda miguu. (Mama wa wawili, Nkuhungu)

JIBU: Marahaba, mama. Anza kwa kumfunua mdomo. Akiwa na meno ya mbele membamba na makali kama sindano tu, umri huo unakubalika. Yale mapana ya ukubwani yakishajipanga mbele yote, amevuka miezi minne. Usihesabu umri kwa kilo, maana mbwa wa mbegu kubwa huwapotosha wengi hapo.

Mtenge na mbwa wenu siku 14, kwenye chumba au kibaraza cha sementi, si kwenye udongo. Hofu kubwa ni parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha damu na kuwaua watoto wa mbwa. Kirusi chake hukaa udongoni mwaka mzima au zaidi, hasa kivulini, na udongo hauosheki. Sementi inaoshwa: ondoa kinyesi, sugua kwa sabuni, suuza, kisha mwaga jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30 na uiache dakika 10. Ukimwaga jiki juu ya uchafu umepoteza jiki, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwenye kirusi. Mhudumie mbwa mzee kwanza, mgeni baadaye, na viatu vya kule visitoke kule. Akitapika na kuharisha damu, ni daktari siku hiyohiyo, si kesho.

Chanjo ya mchanganyiko (distempa, parvo, homa ya ini) aanze sasa, irudiwe kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka avuke wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu. Dawa ya minyoo apewe kwa uzito wake, irudiwe baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi hadi afikishe miezi sita.

Sasa unga wa mifupa: acha kabisa. Kabla ya miezi sita hivi utumbo wa mtoto wa mbwa hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi, huifyonza tu. Kwa mbwa mdogo madhara huenda yasionekane, lakini huyu mifupa yake inakimbia, na kalsiamu ya ziada inavuruga jinsi gegedu (mfupa ukiwa bado laini) linavyogeuka mfupa mgumu. Matokeo ni miguu iliyopinda, yaani kilekile jirani anachokikwepa. (Anayelishwa ugali mtupu au nyama tupu naye hupinda, ila kwa upungufu. Ndiyo maana ushauri huo haufi mitaani.)

Kama huna uwezo wa chakula cha kiwandani cha watoto wa mbwa wakubwa, kwa kilo 11 anzia hapa kwa siku: unga wa dona gramu 200 upikwe ugali laini, dagaa wakavu wasio na chumvi gramu 100, mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chakula, na boga kidogo. Gawa milo mitatu. Dagaa waoshwe mchanga, walowekwe na kuchemshwa wazimawazima, maana miiba yao ndiyo kalsiamu yake. Usiweke kitunguu. Kama alikuja amekonda mno, siku ya kwanza mpe robo ya kiasi hicho kwa milo midogo mingi, ukipandisha hadi siku ya tano. Tumbo lililozoea njaa likijazwa ghafla, chumvichumvi za mwilini hushuka na moyo unaweza kusimama.

Dona iwe ile mnayokula wenyewe. Mahindi yaliyoota ukungu “ya mbwa” ni sumu. Sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa huumia upesi kwa sumu hiyo. Kupika hakuiondoi.

Mpime kila wiki: panda mizani naye, kisha toa uzito wako. Kilo 1 hadi 1.5 kwa wiki inatosha. Mbavu zipapasike kwa kugusa kidogo bila kuonekana kwa mbali. Akianza kunenepa na kuwa kibonge watu watamsifia, nawe punguza ugali.

SWALI: Mtoto wa mbwa ninayemlea kupe wamemjaa masikioni. Fundi wa kuogesha ng'ombe kasema atamwogesha na kumchoma sindano. (Kijana wa Ihumwa)

JIBU: Hapana, ndugu. Sindano ya ivamektini (dawa ya minyoo na wadudu) ya ng'ombe imetengenezwa ml 1 kwa kilo 50. Kwa mtoto wa mbwa wa kilo 10 hiyo ni ml 0.2, na mkono uliozoea ng'ombe hauoni kiasi hicho. Isitoshe, baadhi ya mbegu za kigeni na machotara wao dawa hiyo hupenya hadi kwenye ubongo: wanayumba, wanatoa mate, wanazimia. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi nayo haifai kwa wadogo, inawalegeza na kupunguza mapigo ya moyo.

Nunua ya kupulizia ya mbwa yenye fipronil, iliyoandikwa umri na uzito. Kupe waliobaki watoe kwa kibano, ukishika karibu na ngozi na kuvuta taratibu. Angalia na katikati ya vidole. Huko utakuta na mbigili. Kisha ziba nyufa za banda: kupe huyu wa mbwa muda mwingi wa maisha yake anaishi ukutani, si mgongoni kwa mbwa.

SWALI: Mtoto wangu amekwaruzwa kwa jino na mbwa mdogo wa kuokotwa tunayemlea, asiye na chanjo, wakati wakicheza. Damu kidogo tu. (Baba, Ipagala)

JIBU: Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda kituo cha afya leo, na mweleze daktari kwamba mbwa ni wa kuokotwa na hana chanjo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Mbwa asiuawe wala kuachiwa. Afungiwe na kuangaliwa siku 10 kama ana dalili za kichaa cha mbwa.

SWALI: Tunalima zabibu Hombolo, na mtoto wa mbwa tunayemlea anaokota zilizodondoka. Kuna ubaya? (Msomaji)

JIBU: Upo mkubwa. Zabibu, mbichi au kavu, na hata makapi yaliyokamuliwa, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mmoja hula konzi asidhurike, mwingine akaacha kukojoa siku ya pili au ya tatu. Ukimkuta amekula, mpeleke kwa daktari ndani ya saa mbili ili atapishwe huko. Usimtapishe kwa chumvi. Wakati wa mavuno afungiwe mbali na shamba, na kwenye karatasi atakayoondoka nayo kwa mwenye kumchukua, pamoja na kadi ya chanjo na uzito wa kila wiki, andikeni hilo la zabibu kwa herufi kubwa.