Cairo ya Illinois: watu wote wale wamekwenda wapi?

*Shikamoo Mwalimu. Maktaba ya shule yetu ina kitabu cha zamani cha jiografia kinachosema mji wa Cairo, jimbo la Illinois nchini Marekani, una watu 15,203. Kwenye intaneti nimekuta 1,733. Mwenzangu anasema namba moja ni kosa la uchapaji. Mimi nadhani ni mafuriko, kwa sababu kwenye ramani mji umebanwa na mito miwili. Nani kati yetu yuko sahihi? Na ilikuwaje mji wa Marekani ukapewa jina la mji wa Misri?*
*Msomaji wa kidato cha tatu*

Marahaba, mwanangu. Kitabu chenu hakikukosea, na intaneti haikukosea. Namba 15,203 ni ya sensa ya mwaka 1920, na mji ule haujawahi kuhesabiwa watu wengi kuliko hao. Namba 1,733 ni ya sensa ya 2020. Kati ya hizo mbili kuna miaka 100 kamili. Kuhusu mafuriko, nivumilie kidogo, maana swali lako limenikuta mahali penyewe: mji huo nimeutembea kwa miguu, na hadi leo nikiuona kwenye ramani moyo unanigonga.

Tuanze na mahali ulipo. Illinois kwa kusini inachongoka kama ncha ya mkuki, na Cairo imekaa kwenye ncha hiyo. Mashariki yake unapita mto Ohio, magharibi Mississippi, na kusini kidogo ya mji mito hiyo inakutana. Ukivuka Ohio umeingia Kentucky. Ukivuka Mississippi umeingia Missouri. Kutoka Chicago, jiji kubwa la jimbo hilohilo, ni karibu kilomita 600 kwa barabara. Wengi wetu tukisikia Illinois tunawaza kaskazini na theluji, lakini Cairo iko kusini zaidi hata kuliko Richmond ya Virginia, uliokuwa mji mkuu wa majimbo ya Kusini, yale ya utumwa, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hilo lishike, tutalihitaji mbele.

Jina lilitokana na mito hiyo. Mwaka 1818 wafanyabiashara walioitamani ncha ile waliifananisha na nchi ya mto Nile, wakaiita Cairo, na eneo zima la kusini mwa Illinois likazoeleka kuitwa Misri Ndogo. Jirani kuna Thebes na Karnak pia, majina ya Misri ya kale. Wenyeji hawatamki kama tunavyotamka sisi mji wa Misri, wanasema “Kero”. Ukifika huko ukauliza njia kwa matamshi ya Misri, watajua mara moja kuwa u mgeni.

Nilifika mwaka 1990, nikiwa mwanafunzi Carbondale, mwendo wa saa moja hivi kaskazini. Barabara ya kuingilia mjini ilipita chini ya reli, na hapo palikuwa na lango kubwa la chuma. Likishushwa, mji unafungwa kama chungu kilichofunikwa. Pande zote kumezungushwa matuta marefu ya udongo, na upande wa Ohio kuna ukuta wa zege. Mtaani huoni mto hata kidogo. Siku ile maji yalikuwa juu, na nilipoinua macho niliona kibanda cha nahodha kinapita polepole juu ya ukuta, kimo cha paa za maduka. Ilikuwa boti inasukuma matishari. Nilisimama nikaitazama hadi ikapotea. Miaka mingi nilikuwa nimefundishwa habari za miji iliyo chini ya usawa wa mto, lakini kuelewa nilielewa dakika ile.

Sasa tuje kwenye mafuriko yako. Chukua karatasi, uandike namba hizi za sensa: mwaka 1930 watu 13,532, mwaka 1940 watu 14,407. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1937, bonde lote la Ohio lilipata mafuriko mabaya sana, na kipimo cha maji pale Cairo kilifika futi 59.5. Kama mafuriko ndiyo yaliyowafukuza watu mjini mle, sensa ya 1940 ingeonyesha pengo. Badala yake watu waliongezeka! Matuta yalishikilia, na mji ukabaki mkavu wakati miji mingine ya mtoni imezama.

Mwaka 2011 maji yalipanda zaidi, hadi futi 61.72, na kinga za mji zimejengwa kwa kipimo cha futi 64. Wakazi waliamriwa kuondoka. Usiku wa tarehe 2 Mei wahandisi wa jeshi walilipua tuta la Birds Point, ng'ambo ya Missouri, wakayaelekeza maji kwenye ekari 130,000 za mashamba. Wakulima wa kule waliumia kwelikweli, na sitaki kulipitisha hilo haraka kana kwamba si kitu. Lakini Cairo ilipona, na watu wakarudi majumbani mwao.

Kwa hiyo sababu tuitafute penye pengo lenyewe. Mwaka 1950 walikuwa 12,123, mwaka 1960 wakawa 9,348, na mwaka 1970 wakabaki 6,277. Katika muongo mmoja tu, ule wa 1960, theluthi moja ya mji iliondoka, na matuta hayakuvunjika.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni usafiri. Mji ulikua kwa sababu kila kitu kilikuwa lazima kisimame pale. Boti zilipakia na kupakua, na treni ziliposhuka kutoka kaskazini zilivushwa Ohio kwa vivuko, behewa kwa behewa, na kila behewa lilikuwa ajira ya mtu. Mwaka 1889 daraja la reli likakamilika juu ya Ohio, treni zikapita bila kusimama. Mwaka 1905 likaja daraja la Thebes juu ya Mississippi, kaskazini ya mji, likachukua mizigo mingine. Mwaka 1978 barabara kuu ya 57 ikapewa daraja lake pembeni ya mji, na dereva wa lori akawa hana tena haja ya kuingia Cairo hata kunywa kahawa.

Lakini wanangu, madaraja yameipita miji mingi ambayo haikupungua namna ile. Sehemu ya pili inauma kuisema, na huwa naona vitabu vya shule vikiikwepa. Illinois haikuwa jimbo la utumwa, ila ncha yake, ile niliyosema iko kusini kuliko Richmond, iliingia katikati ya Missouri na Kentucky, majimbo yote mawili ya utumwa. Jenerali Grant wa jeshi la Kaskazini aliweka makao yake Cairo mwaka 1861, na wakati wa vita maelfu ya watu weusi waliotoroka utumwa walipitia pale wakitafuta uhuru. Wengi walibaki. Wakajenga mji, wakapakua mizigo yake, na mji ukawakatalia nafasi. Novemba 1909 umati wa maelfu ulimuua mtu mweusi hadharani barabarani bila hukumu ya mahakama yoyote. Mwaka 1962 vijana waliandamana kwa sababu weusi hawakuruhusiwa kuoga kwenye bwawa la kuogelea. John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge wa Marekani, alipigwa picha amepiga magoti akisali nje ya bwawa hilo. Wenye bwawa waliona heri walifunge kuliko kuogelea pamoja.

Julai 1967 askari mweusi wa miaka 19, aliyekuwa likizo, alikutwa amekufa ndani ya kituo cha polisi, na ghasia zikalipuka mjini. Kuanzia 1969 wakazi weusi waliacha kununua kwenye maduka ya wazungu yaliyogoma kuwaajiri. Mgomo ule ulidumu miaka, huku risasi zikisikika usiku. Wenye maduka wengi waliamua kufunga kabisa kuliko kumweka msichana mweusi mmoja nyuma ya kaunta.

Mama mmoja mzee aliyenipokea kwake alinitembeza Commercial Avenue. Majengo ya matofali ya ghorofa tatu, nakshi za chuma juu ya madirisha, na ndani yake miti imeota hadi imetokeza juu ya paa. Alinionyesha duka la viatu, au tuseme mahali lilipokuwa, ambapo alinunua viatu tangu utotoni na hakuwahi kuruhusiwa kuomba kazi. Alikuwa amejiunga na mgomo. Kaka zake walikwenda Chicago, dada yake St. Louis, wanawe wote wakawafuata. Nilimuuliza kama alijutia. Alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba wenye duka walikuwa na chaguo, naye hakuwa nalo. Ndipo alipoinama akaokota kipande cha kioo njiani, akakiweka pembeni ya ukuta ili mtoto asikikanyage.

Mwaka 2000 walihesabiwa 3,632, mwaka 2010 watu 2,831. Halafu mwaka 2017 serikali ilitangaza kufunga mitaa miwili ya nyumba za umma, Elmwood na McBride, kwa sababu zilikuwa zimeachwa zikaoza hadi hazikaliki tena. Familia zipatazo 185 zilitakiwa kuhama, na ndani ya mji nyumba nyingine za kupanga hazikuwepo za kuwatosha. Hapo ndipo ilipotoka 1,733 yako. Zaidi ya watu 1,000 katika miaka kumi.

*Mwalimu, mji wenye watu 1,700 unaitwaje mji? Kwetu kijiji kina zaidi ya hao.*
*Msomaji wa pili*

Kwa sheria za Illinois hadhi ya mji haiondoki kwa sababu watu wamepungua. Cairo ilipewa hadhi hiyo mwaka 1858 na bado inayo, ina meya, na bado ndiyo makao makuu ya wilaya, Alexander County, mahakama iko pale. Wilaya yenyewe nayo imepungukiwa: kati ya 2010 na 2020 ilitoka watu 8,238 hadi 5,240, na kwa asilimia hakuna wilaya nyingine Marekani nzima iliyopoteza watu kiasi hicho. Tuseme kweli, mji si idadi tu. Waliobaki, karibu saba kati ya kumi wakiwa weusi, walikaa miaka mingi bila duka la vyakula, hadi 2023 walipofungua duka la ushirika.

*Mito miwili ikikutana, jina linabaki la mto upi? Mkubwa?*
*Msomaji wa tatu*

Si lazima. Pale Cairo, kwa wastani Ohio huleta maji mengi kuliko Mississippi, na bado jina linaloendelea hadi baharini ni Mississippi. Mito hupewa majina na watu, kwa mazoea yao. Ukisimama kwenye ncha ya Fort Defiance, sehemu ya chini kuliko zote jimboni Illinois, unaiona tofauti kwa macho: Mississippi umebeba tope la mto Missouri, ni rangi ya chai ya maziwa, na Ohio ni wa kijani uliofifia. Maji yake yanakwenda sambamba mwendo mrefu kabla hayajachanganyika. Nilichota viganja viwili, kimoja kila upande, nikayapeleka puani. Yale ya tope yalinuka udongo wa shamba baada ya mvua.